Yangeyange Kati ya Farasi Wenye Makoti

Jumamosi, Februari. Ukungu asubuhi, kisha manyunyu yasiyoamua kuwa mvua.

Nilikuwa natoka kununua unga, hapa Barking, kwenye nchi ya Waingereza, wakapita farasi wawili wa polisi. Mmoja akaangusha mavi katikati ya barabara, yanafuka moshi kwenye baridi. Watu wakaziba pua. Mimi nikasimama nikavuta hewa kama mtu aliyepita mlangoni pa jiko la kwao. Tangu hapo sijatulia. Nimefua nguo zilizokuwa safi, nimehamisha kiti na kukirudisha. Heri niandike, ingawa sikusoma sana na Kiswahili changu ni cha kuokoteza. Mtanisamehe.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Dada yangu Rehema anasema kumi, na yeye hukumbuka vizuri kuliko mimi. Bibi yetu, mama yake Mama, alikuwa ameletwa kutoka Shinyanga akae nasi, maana Mama alihudumia wazee na zamu zake zilikuwa za usiku. Baridi ilipoingia, Bibi akaanza kuzunguka ndani ya nyumba. Dirishani, jikoni, mlangoni, tena dirishani. Sanduku lake lilisimama kando ya kitanda, limefungwa, kanga imekunjwa juu yake. Mama akirudi kutoka kazini, hata viatu hajavua, anamkuta anamngoja.

"Nirudishe, mwanangu. Hapa nimekuwa sufuria ya kabatini."

"Subiri jua litoke, Mama."

"Jua lipi? Hilo la kwenye televisheni?"

Tulijua Bibi akiondoka nini kitafuata. Mimi na Rehema tungehamia kwa mama mdogo, Thornton Heath, ng'ambo ya pili ya jiji, na Mama tungemwona Jumamosi na Jumapili tu. Mama mdogo ni mtu mwema, sina baya la kusema juu yake. Lakini nilikuwa nikitoka shule, kitu cha kwanza naenda kutazama kama sanduku bado lipo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, Mama kalala, Bibi akatuambia tumpeleke popote pasipo na kuta. Tukampeleka nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye uwanja wenye uzio wa mbao walipofugwa farasi. Tope lilikuwa limeganda, linalia chini ya viatu. Farasi walikuwa wamevishwa makoti, yamefungwa kwa mikanda tumboni.

"Farasi anavaa koti!" Bibi akasema. "Tena zuri kuliko langu."

Halafu akashika ubao wa uzio, akainama. Chini ya farasi wa kahawia, kati ya miguu yake, alisimama ndege mweupe, shingo ameificha mabegani.

"Yangeyange," Bibi akasema polepole, kama aliyemwona jirani yake kwenye kituo cha basi cha ugenini.

Lakini Bibi alikulia kati ya ng'ombe. Usichanani mwake, kila asubuhi, kazi yake ilikuwa kuwatoa kupe kwa vidole na kuwatia kwenye kopo la majivu. Kwake yeye, yangeyange akimganda mnyama, mnyama ana kupe.

"Wamemvika koti juu ya kupe! Si kumtesa huko?"

Kabla hatujamshika alikuwa ameshapita kwenye uzio, kitenge na yote, anafungua mikanda. Rehema akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba hairuhusiwi. Ndivyo tulivyoishi: Bibi anasema Kiswahili, sisi tunajibu Kiingereza, naye anaitikia kwa kichwa maneno asiyoyaelewa.

Mama mmoja Mzungu akaja mbio, ndoo mkononi. Alifoka, na mwenye farasi yeyote angefoka. Rehema alikuwa amebaki nje ya uzio. Nikawa mimi katikati.

"Mwambie farasi wake ana kupe," Bibi akasema.

Nikamwambia kwa nilivyoweza. Yule mama akamtazama Bibi, akaweka ndoo chini, akaingiza vidole kwenye manyoya ya farasi. Wakapekua pamoja, shingoni, kwapani, tumboni. Hapakuwa na kupe hata mmoja.

"Mwambie nimekosea. Macho yamezeeka."

Yule mama akasema si neno. Ndege yule hufuata kwato, akaeleza, kwa sababu zinavunja tope. Alikuja na baridi, kutoka wapi hajui, na kila jioni hudhani kesho atamkuta amekufa. Nikamgeuzia Bibi kwa Kiswahili: ndege anatafuta nyoka.

"Nyoka!"

"Nyoka wadogo, Bibi. Wa udongo."

"Minyoo! Umenishtua, mjukuu wangu."

Akamtazama yangeyange muda mrefu. "Basi mjanja. Kakosa ng'ombe, kashika farasi."

Njiani kurudi aliniuliza maswali, nikajibu kwa Kiswahili kwa sababu mdomo ulikuwa bado upo huko. Akasimama. "Kumbe unasema! Nilidhani mmekatwa ndimi."

Barafu ilipoyeyuka ndege hakuonekana tena. Kwa miaka nimewaambia watu kwamba yangeyange ndiye aliyembakiza Bibi. Mama anasema ni maombi yake. Rehema anasema ni farasi, maana yule mama alimruhusu Bibi kwenda kuwapiga brashi Jumapili, na hilo pia ni kweli. Leo nimeingia na mfuko wa unga, nikamwita mwanangu aje anipokee. Akanijibu kwa Kiingereza kutoka chumbani, kwa adabu kabisa. Nikabaki pale mlangoni na koti langu, nikaona kabati lile la Bibi kwa ndani, sufuria isiyopikiwa ni mimi. Labda kilichombakiza ni kujibiwa. Labda nakosea. Labda ni ndege kweli.

Jioni ile tuliyotoka kwa farasi, Mama alipoamka aende kazini alikuta sanduku limelazwa sakafuni, wazi. Bibi alikuwa ametoa mfuko wa michembe, viazi vitamu vikavu alivyotoka navyo Shinyanga na kutukataza tusiviguse, kwa kuwa kilikuwa chakula chake cha safari ya kurudi. Alikuwa ameibandika jikoni na karanga za kutwanga, akiniuliza jina la kila kitu na mimi nikimjibu. Tulikula michembe, wote wanne. Mama alikula amesimama, koti mwilini, akarudia mara ya pili.