Niliwanyima Ugali kwa Hadithi Yangu ya Asali

Nimekosa. Sizungushi maneno. Mimi ni mzee wa mizinga, asali na nta ndizo zilizonijengea nyumba ya bati hapa Mpanda, shule niliionea dirishani tu, na kuomba radhi sijazoea. Lakini tangu Jumapili ile situlii! Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka narudi.

Vijana wa timu ya hapa, mpira wao wa ngozi niliwanunulia mimi. Basi neno langu likawa amri. Walipopata mechi na timu ya reli, inayokuja kwa treni kutoka Tabora, niliwaweka kambini kwangu. Winga wao alikuwa Petro, mpwa wangu. Wakubwa wa timu ya Tabora walishasema: akicheza vizuri wanaondoka naye, na kazi ya reli anapewa.

Nikawaambia, "Hapa hakuna ugali. Mimi nilikata pori mpaka Sibwesa kwa asali tupu! Aliyeshiba hakimbii. Na maji marufuku, yatawachezea tumboni."

Dada yangu, mama yake Petro, akaja na ugali, maharage na dagaa wa Karema. Nikamzuia mlangoni.

"Kaka, watoto watakimbia na nini?"

"Nenda kalishe kuku wako."

Vijana wakacheka. Petro hakucheka. Alikuwa anaitazama ile sufuria inavyoondoka.

Asubuhi asali. Mchana asali. Na jua lile la kabla ya mvua!

Kipindi cha kwanza waliruka kama swala. Petro akafunga goli, nikarusha kofia juu. Nilijiona daktari! Kipindi cha pili miguu ikaisha. Mmoja anatapika, mwingine kashika magoti. Petro msuli ukamkaza, akaanguka, akaomba maji.

Nami, jamani, mdomo huu! Nikapiga kelele, "Simama! Mjomba wako hakuomba maji porini!"

Akasimama kwa kuniogopa mimi. Mpira ukaja, mguu haukumtii, akageuka vibaya, goti likalia. Nililisikia pale pale niliposimama.

Treni iliondoka bila yeye.

Dada hakunitukana. Aliniuliza tu, mbele ya watu, "Kaka, ulipokuwa unakwenda mizingani, nani alikuwa anakufungia mzigo?"

Ni yeye! Unga, maharage, karanga, chumvi, kibuyu cha maji. Kila nilipolala porini nilisonga sufuria nzima, nikala peke yangu. Asali nililamba tu nikitembea. Ila mjini nilisimulia asali, maana ugali hauna sifa. Nimejisifu hivyo miaka mingi hadi mwenyewe nikaamini, nikawalisha watoto wa watu majivuno yangu.

Petro sasa anatembea na fimbo. Jana nilimpelekea ugali na samaki. Akaniangalia.

"Mjomba, leo ni ruhusa kula?"

Nikatoka nje. Hata sasa nasimulia haya nimesimama.

Wazee wenzangu, kijana anayecheza, anayelima, anayechimba, mpeni ugali mapema ushuke, mpeni maharage na dagaa vimjenge mwili, na maji msimnyime! Asali ni ya kuongezea. Na akija mtu kujisifu kwenu kwamba alikata pori kwa asali tupu, msibishane naye. Muulizeni tu nani alimfungia mzigo.