Maji Yaliyobaki Kwenye Mpira

Mume wangu alikuwa na mashine ya presha ya kuoshea magari, ya petroli, pale Ndhiwa, na aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Jioni akishazima injini alifunga bomba, kisha akabonyeza bunduki ya kurushia maji mpaka isitoe hata tone. Maji yakilala ndani na presha yake, alisema, pampu inaoza. Halafu alimwaga petroli yote ndipo aiingize stoo.

Siku aliyokufa alifunga bomba tu, hayo mengine hakuyafanya. Aliacha kazi katikati, akaisukuma mashine stoo mbio mbio, akapanda boda kwenda Migori kutafuta oili ya injini. Lori likawagonga kabla hawajafika mjini.

Tulipokwisha kumzika, shemeji yangu alisema kwa desturi vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae. Mimi ni Msabato na sina subira na mambo hayo. Mashine ile ndiyo riziki niliyobaki nayo, na ilikuwa inazidi kuharibika.

"Shem, wacha kwanza," aliniambia. "Mwenyewe bado ako hapo ndani."

Nilimcheka. Lakini adhuhuri, jua likichoma mabati, nilisikia kitu kikijikokota stooni, taratibu, kama mtu anayeburuta mguu. Nikajiambia ni panya. Kesho yake, jua lilipowaka vilevile, kikajikokota tena, nikakimbilia ndani ya nyumba.

Mwishowe hasira ikashinda woga, nikafungua mlango. Mpira wa maji ulikuwa umevimba kwa joto, umekakamaa, na mbele ya macho yangu ukajisogeza kidogo sakafuni. Nikaokota bunduki, nikabonyeza. Injini ilikuwa baridi, bomba limefungwa, lakini maji yaliruka yakapiga ukuta na kunirudia usoni. Yalikuwa vuguvugu, yananukia sabuni yake. Nikaachia upesi.

Maji yale aliyafungia humo kwa mkono wake, na nilitaka yabaki. Lakini pampu ingeoza, na watoto wangekula nini? Nikaanza kumgombeza kwa sauti, kwa nini alikimbilia Migori bila kumaliza kazi, huku nikibonyeza tena. Maji yakapungua, yakawa matone. Kisha bunduki ikatoa hewa, pumzi moja ndefu, ikanyamaza.

Alipokata roho kule barabarani, mimi nilikuwa nyumbani nachambua mboga. Safari hii nilikuwa nimemshika.