Mistari Minane Iliyokuwa Mmoja

Mwanangu, nakumbuka siku niliyouzamisha mpunga wa Mama Matrona bila hata tone la maji. Usicheke. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilijidanganya kwamba Ifakara nzima ni mimi peke yangu ninayejua Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Ofisi yetu ya majaribio ya mbegu ilikuwa na shamba kule Lumemo: mistari minane, kila mstari una majaruba sita ya mpunga, mkulima wake na mbegu yake. Mafuriko yakaizamisha mistari miwili ya bondeni. Nikapewa fomu niziingize kwenye kompyuta, sifuri kwa jaruba lililopona, moja kwa lililozama. Mbegu ya mstari uliozama wote ingeachwa. Nikatengeneza mstari mmoja wa sifuri sita, kisha nikaamuru ujirudie mara nane: [[0] * 6] * 8. Basi! Nikajiona fundi kwelikweli. Nikaingiza zile moja, nikachapa karatasi, nikampa mkuu wa ofisi, huyo nikaenda zangu mpirani. Hata kuisoma sikuisoma.

Kesho yake akaingia Mama Matrona, mjane aliyelima mstari wa juu. Mbegu yake aliirithi kwa mama yake, na orodha iliyobandikwa ukutani ilisema imefutwa, pamoja na za wenzake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kwamba nimezama?"

"Kompyuta ndiyo..."

"Kompyuta ilivaa buti lini ikaja shambani? Twende!"

Tukaenda. Mpunga wake umesimama, masuke yameinama kwa uzito. Niliona aibu, mwanangu, wee acha tu. Akagonga tuta kwa jembe. "Kila jaruba lina tuta lake. La jirani likijaa, langu kavu. Huko kwenye mashine yako umeweka matuta?"

Lo! Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa na mistari minane. Nilikuwa na mmoja tu, nimeuita mara nane. Nilichoandika bondeni kiliandikika na juu. Nikarudi mbio, nikaanza upya: mashine izunguke mara nane, na kila mzunguko itengeneze mstari mpya wa sifuri sita, iuongeze kwenye gridi, yaani jedwali zima la mistari. Safari hii mistari iliyozama ilikuwa miwili. Nikaenda kukiri kwa mkuu, na mbegu ya Mama Matrona ikarudishwa.

Sikukatazi kurudia kwa alama ya nyota. Namba tupu zirudie upendavyo, ni haraka na ni safi. Ila kitu utakachokibadilisha ndani yake, kama mstari wa gridi, kijenge kipya kila mara. Kisha badilisha kisanduku kimoja cha gridi, chapa, usome kwa macho yako. Ni dakika moja, na nyuma ya kisanduku kuna mtu anayesubiri kupanda.

Mungu akujalie wepesi wa mikono na subira ya macho, na kosa lako ulione wewe kwanza, kabla halijafika shambani kwa mtu.