Tabibu Anayeuliza Kabla ya Kuchoma Sindano

Saa tatu asubuhi, mlango wa chumba cha dharura unafunguka kwa kishindo. Kijana mmoja anaingizwa akiwa amefungwa kamba mikononi, anarusha mateke na kumtukana kila aliye mbele yake. Kaka zake watatu na walinzi wawili wamemng'ang'ania, jasho linawatoka.

"Mchome, daktari! Mchome alale!" anafoka kaka mkubwa.

Tabibu wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, haendi kwenye kabati la dawa. "Mdogo wangu, mimi ni tabibu. Hapa hakuna wa kukupiga," anamwambia kijana. Anaamuru kamba ifunguliwe, walinzi wamshike kwa mikono tu. Kisha anampima sukari, maana ikishuka sana mtu anaweza kupandwa na ghadhabu za namna hii. Sukari iko sawa.

Walinzi wamembandika tabibu huyu jina la Bi Taratibu. Wanamtania kwamba hata nyumba ikiwaka moto atauliza kwanza nani alikuwa jikoni. Yeye hucheka nao. Ameng'atwa, ametemewa mate, na bado kazi anaipenda kweli.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kumlaza mgonjwa," anasema. "Kumlaza ni rahisi. Mimi nataka aamke."

Kabatini ana dawa mbili anazozitumia zaidi. Moja hutuliza upesi, lakini ikikutana na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kukata pumzi. Nyingine huchelewa kidogo, ila haiingilii sana pumzi. Kwa hiyo lazima ajue mgonjwa ameshameza nini, na hapo ndipo ndugu humficha kwa aibu.

Leo kaka wote wanaapa kwamba kijana hajapewa kitu. Lakini mama yao, aliyeingia nyuma yao, amejibanza ukutani akitazama sakafu. Bi Taratibu anamvuta kando na kumpa kiti.

Hamuulizi kama amempa mwanawe kitu. "Mama, umehangaika naye sana," anasema. "Ulimpa nini apumzike?"

Mama anaangua kilio. "Vidonge vyangu vya usingizi, mwanangu. Nilivisaga kwenye chai asubuhi hii. Nikaona havimshiki, nikaongeza. Nimemuua?"

"Hujamuua. Umefanya vizuri kuniambia."

Tabibu anachagua dawa inayochelewa, tena kiasi kidogo, na kumbana kijana kidoleni kwa kipimo cha oksijeni ya damu. Kijana analegea, anasinzia. Mara pumzi inafifia. Bi Taratibu anamwinua kidevu, anamwekea oksijeni, na kifua kinaanza tena kupanda na kushuka vizuri.

"Kama ningemchoma ile ya haraka, saa hizi tungekuwa tunalia," anasema baadaye, akijifuta uso. "Nimeogopa, sikufichi."

Swali lake lile la "Ulimpa nini?" sasa anawafundisha wauguzi wapya. Ameshauomba uongozi chumba kidogo chenye mlango, ndugu wapate pa kusemea ukweli bila kusikilizwa na umati, na ameahidiwa stoo moja ya magodoro. Anapanga kuipaka rangi mwenyewe.

Mchana kijana anafumbua macho. Anatazama dari, kisha mama yake, kuanzia kichwani hadi chini.

"Mama, mbona uko peku?"

Mama anaitazama miguu yake iliyojaa vumbi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Nilisahau viatu, baba," anasema, na anacheka huku machozi yakimtoka.