Mikwaruzo Mitatu Kwenye Gari ya Mkwe

Hebu sogeeni jamani, nyinyi wa kule nyuma nyanyueni mikeka mje huku. Mwenye kahawa aiweke chini kwanza, maana mie nikiyakumbuka haya mkono unatetemeka, sijui wa kwenu utakuwaje. Nataka nikuhadithieni siku kumi nilizokaa na gari ya baba mkwe wangu. Kwa hesabu yangu zilikuwa miaka kumi, na meno mawili yalinitoka kwa kutetemeka. Haya, moja. Jengine lilikuwa bovu tokea zamani.

Mke wangu wakati huo alikuwa kwao, Konde. Hakuachwa, msije mkasema. Alikwenda kupumzika baada ya mie kumtengenezea cherehani. Ilikuwa inalia kidogo, nikaifungua niitie grisi, na mpaka leo kuna skrubu zake nne sijui kwao wapi. Kabla ya cherehani ilikuwa feni, na kabla ya feni ilikuwa pasi. Basi nilipokwenda kumfuata, baba mkwe akanikalisha barazani. Yule mzee hapandishi sauti. Akikasirika ndio kwanza anaiteremsha, na ikifika chini kabisa, mpaka paka wa jirani wanahama.

"Mkwe," akaniambia, "mie nakwenda Umra, siku kumi. Gari yangu utakaa nayo weye. Utawapeleka wanawake sokoni, hospitali, shughulini, na siku nikirudi utanifuata uwanja wa ndege. Nikiikuta kama nilivyoiacha, mkeo unamchukua siku hiyo hiyo. Nikiikuta na alama hata moja, binti yangu habanduki hapa."

Nikacheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

Na gari yenyewe muijue. Nje ilikuwa gari kama gari. Ndani ndiko kwenye makubwa. Plastiki ya milango na dashibodi, ya kijivu, aliipangusa kila akitoka kusali, ikawa ukiitazama unajiona mpaka dhambi zako. Nzi akitua anateleza, anaanguka, anavunjika mguu. Humo hakuliwi, hakunywewi, na kukohoa unakoholea nje.

Siku saba niliendesha kama nimepakia mayai ya sultani. Baiskeli zikinipita. Siku ya saba alinipita mbuzi, akageuka kunitazama.

Siku ya nane, shangazi yake mke wangu, mkulima wa mwani kule Micheweni, akataka nimpeleke pwani na vijiti vyake vya kupandia. Vijiti vyenyewe vimechongwa ncha, ungesema anakwenda vitani.

"Shangazi, tuvifunge juu."

"Juu vitaanguka, mwanangu. Navikumbatia mwenyewe."

"Shangazi, gari ya watu hii."

"Kwani mie nataka kuila?"

Akakaa mbele, kavikumbatia kama mtoto mchanga. Lami ilipokwisha tukaingia kwenye yale mawe ya pwani. Jiwe la kwanza tukaruka, jiwe la pili tukaruka, la tatu shangazi akaruka peke yake na vijiti vyake, na nikasikia: *kwaruu!*

Sauti ile naisikia mpaka leo nikiwa naoga.

Mikwaruzo mitatu, mlango wa mbele, chini ya kitasa. Myeupe, juu ya kijivu. Kwa macho yenu nyinyi ingekuwa shubiri moja. Kwa macho yangu ilitoka Konde ikafika Chake. Shangazi akatia mate kidoleni, akasugua. "Si kitu hiki, kinatoka." Hakikutoka. Akasugua tena, akanitazama usoni, kisha akasema, "Mwanangu, kwani weye unaumwa?"

Nilikuwa siumwi. Nilikuwa namwona mke wangu amekaa barazani kwa baba yake mpaka nywele zinaingia mvi, na mie napita njiani na mkungu wa ndizi, naogopa hata kupiga hodi. Nyumba bila yeye ilikuwa imekuwa pango. Nilikuwa nasalimiana na sufuria.

Nikakimbilia kwa fundi wa viti vya gari pale Konde, mzee ambaye sindano haimtoki mdomoni.

"Umeua mtu?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Ntauliwa mie."

Akaingia, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo, taratibu, kama daktari. "Ukucha haukwami," akasema. "Ungekwama, lingekuwa jeraha, ingebidi kubadilisha. Hapa imechubuka ngozi ya juu tu. Oshea maji ya sabuni, ukaushe. Halafu tafuta ile draya wanayokaushia nywele maharusi, upulizie moto, shubiri moja mbali. Plastiki ikipata joto inalegea, inarudi ilivyokuwa. Sugua na kitambaa laini, iache ipoe. Mwisho paka mafuta kidogo. Lakini sikiliza, mkono usitulie! Ukituliza mkono mahali pamoja, plastiki itavimba kama andazi, na hapo usije kwangu."

Draya nikaazima kwa bibi mmoja anayepamba maharusi. Nikaiingiza gari uani kwangu, nikafunga mlango wa ua, nikavuta waya kutoka dirishani. Nikawa namwogopa kila apitaye njiani. Akipita mtu nazima, akienda nawasha. Na ule mkono usitulie, wallahi, ungetulia vipi? Ulikuwa unatetemeka wenyewe kama jani! Hofu ilinifanya fundi bora Pemba nzima. Nikapuliza, nikasugua, nikapuliza, nikasugua, na jasho lililonitoka ungepandia mpunga. Kutazama hivi, mikwaruzo miwili haipo. Wa tatu umebaki kama unywele wa mtoto.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini fundi kasema mwisho paka mafuta. Mafuta gani? Sikuuliza. Mpemba ukimwambia mafuta ya kutibu, kichwani kwake yako ya aina moja tu. Ndani ya nyumba mulikuwa na chupa ya mafuta ya karafuu. Jino likiuma, hayo hayo. Goti, hayo hayo. Mbu, hayo hayo. Nikasema ikiwa yanatuliza jino, plastiki ni nini? Nikapaka mkwaruzo. Ukang'aa! Nikapaka mlango mzima. Nikaona sasa mlango unang'aa kuliko dashibodi, nikapaka dashibodi. Nikamaliza chupa.

Nikenda kusali laasiri, nimetulia kwa mara ya kwanza siku ile. Niliporudi nikagusa mlango, kidole kikanata. Nikakivuta, kikatoka, alama yake ikabaki. Kumbe mafuta ya karafuu yanaila plastiki! Mlango umelegea kama halua iliyotolewa jikoni mapema. Na harufu! Kunguru alipita juu ya ua akapiga chafya.

Nilisugua, nikapangusa, nikaacha milango wazi siku ya tisa nzima. Plastiki ikakaza kidogo, alama ya kidole ikafutika. Harufu ndio kwanza ikaoa, ikaleta na watoto.

Siku ya kumi nikampitia mke wangu, twende tukampokee mzee. Kabeba na mkoba wake wa nguo, kautia kwenye buti ya gari. Akakaa kiti cha nyuma, akavuta pua.

"Nini hii?"

"Manukato ya gari."

Akautazama mlango, akanitazama mie. Njia nzima mpaka uwanja wa ndege, Chake, nikimwangalia kwenye kioo, naye anaangalia mikarafuu inavyopita.

Mzee akatoka na kanzu nyeupe na dumu lake la zamzam. Nikamwambia, "Baba, kaa nyuma upumzike, umechoka na safari." Akajibu, "Kiti changu ni cha mbele." Akakaa. Akanusa.

"Mkwe, umepakia karafuu?"

"La, baba."

"Mkwe."

"Wallahi baba, hata punje."

Mnajua msimu wa karafuu barabara zetu zinavyokuwa, vizuizi kila mahali, wanatafutwa wanaozitorosha ng'ambo kwa magendo. Hatukwenda mbali. Askari akatusimamisha, akaingiza kichwa dirishani atoe salamu, salamu ikamkatikia kooni.

"Mzee wangu, karafuu iko wapi?"

"Mie natoka Makka," mzee akasema. "Huko hawaichumi."

"Pua yangu haijanidanganya. Teremkeni, tafadhali."

Tukateremka. Akafungua nyuma, akainua viti, akanusa dumu la zamzam. Hakuna kitu. Akaona labda zimefichwa ndani ya mlango. Akaweka kiganja pale chini ya kitasa, akabonyeza kwa nguvu asikie kama ni mtupu. Jua lilikuwa kali, plastiki imelegea tena. Alipoondoa mkono, vidole vyote vitano vimebaki pale, mpaka pete yake.

Mzee akaona. Sauti ikateremka.

"Askari. Gari yangu nimeiacha haina alama. Sasa ina mkono wako."

"Mzee, nimegusa tu..."

"Mkubwa wako nani?"

Jamani, nisikilizeni. Mlango wangu wa kutokea ulikuwa huo. Sikutakiwa kusema lolote, kunyamaza tu, na mke wangu ningerudi naye. Nikanyamaza. Nikanyamaza kama jiwe la kaburi. Lakini nikamtazama yule askari, bunduki begani, jasho shavuni, magoti yanagongana. Kutetemeka kule nilikujua. Kulikuwa kwangu mie, siku mbili nzima.

"Baba," nikasema, na sauti ikatoka kama ya kifaranga. "Mlango nimeuharibu mie."

Nikayamwaga yote, vijiti, draya, chupa ya mafuta. Askari akawa ananitikisia kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza wasia. Sauti ya mzee ikafika kule chini kabisa.

"Basi makubaliano ni makubaliano. Binti yangu anabaki kwangu."

Ndipo nikasikia buti inafungwa kwa kishindo, na mke wangu kasimama katikati ya barabara, mkoba wa nguo kichwani:

"Baba, gari yako ina fundi, ipeleke. Huyu wangu hana fundi dunia nzima, naondoka naye hivi hivi!"