Kasha la Walioumia Kazini

Bi Makasha aliingia chumba cha nyaraka akiwa mfagizi, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Alipangusa vumbi huku akisoma, na wakubwa walipokuja kugundua, ni yeye peke yake aliyejua kila kasha lina nini. Wakampa dawati. Jina la utani tulimpa sisi wasomaji.

Jumatano ile nilimkuta akishona jalada lililochanika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi. Mbona uso umekunjamana kama shati la jana?"

Nikamweleza. Tasnifu yangu ilihusu namna mafundi cherehani wa zamani walivyofundishana kazi, kabla ya vyuo. Msimamizi alikuwa amenipa hadi Ijumaa: nisipopata ushahidi, nibadili mada. Kwa umri wa miaka arobaini na tisa, kubadili mada kungekuwa kuacha masomo kwa adabu. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeuliza mtandao "mafunzo ya ushonaji", nikaletewa cherehani za kuuzwa na video za kukata sketi. Nilianza kuamini kwamba hakuna kilichoandikwa. Au, vibaya zaidi, kwamba mjinga ni mimi.

"Mashine yako inatafuta neno," akasema. "Wewe unatafuta watu. Haya, fundi akishona, huandika?"

"Haandiki."

"Na mwanagenzi wake akichomwa sindano?"

"Hulia."

Akacheka hadi miwani ikamshuka. "Hulia, kisha huenda ofisi ya kazi kushtaki! Naye karani humwuliza: ulikuwa ukifanya nini, nani alikuonyesha, tangu lini? Nifuate, baba."

Kasha liliandikwa "Walioumia Kazini", wala halikutaja nguo popote. Jalada la kwanza lilikuwa la mwanamke aliyeungua kwa pasi ya mkaa: "Mwaka wa kwanza nilifumua nyuzi tu. Fundi alisema mkono uzoee kitambaa kabla ya kushika mkasi."

Nikafungua la pili. La tatu! Hadi saa nane mchana nilikuwa na maelezo ishirini na sita, kila moja likinena kwa kinywa cha mwenyewe.

Nikakimbilia varandani kumpigia msimamizi.

"Mwalimu, sibadili mada."

"Umepata nini?"

Nikaanza kumweleza habari za yule mwanamke wa pasi ya mkaa. Hapo Bi Makasha akachungulia mlangoni, jalada mkononi.

"Msomi, njoo upesi! Huyu kamshtaki mama mkwe wake, ndiye aliyekuwa fundi!"

Nikakata simu.