Gome Lililotoka kwa Mkwe

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya migomba ya Ronge, na Tryphena Mshai ameketi kwenye kigoda, mgongo ameupa mti anaotaka ubanduliwe gome. Haruhusiwi kugeuka. Nyuma yake, ng'ambo ya ua wa minyaa, mkwe wake Silvanus Mwadime ameshika kisu na anangoja maagizo. Katikati yao amesimama Loise, binti wa mmoja na mke wa mwingine.

"Mwambie aanze upande wa macheo," anasema Tryphena.

"Amesikia, mama. Yuko hapa hapa."

"Hajasikia mpaka wewe umwambie."

Loise anageukia uani. "Baba Dominic, anza upande wa macheo."

"Nimeshaanza," anajibu Silvanus, kwa sauti inayofika mpaka barabarani.

"Amesemaje?" anauliza Tryphena.

Msomaji asicheke haraka. Katika ukoo wa Tryphena, mama mkwe haingii boma la mume wa binti yake, wala hawatazamani usoni, mpaka siku ambayo mkwe ataleta blanketi, wazee wale pamoja na mambo yafunguliwe. Silvanus ni fundi wa reli pale Voi, hurudi nyumbani mwisho wa wiki, na siku hiyo ya blanketi bado hajaipanga. Kwa kawaida jambo hilo halimsumbui mtu. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite, na maisha yanaendelea.

Shida ni kwamba mti unaohitajika leo umesimama ndani ya boma lake.

Tryphena, mama wa miaka sitini hivi, analima ndizi na viazi vitamu, lakini watu wa Ronge humjua zaidi kwa dawa ya vidonda. Gome huchemshwa, maji yake huoshea kidonda, na unga wake hunyunyizwa juu. Alifundishwa na mamake kabla ya Uhuru. Mti wenyewe hapendi kuutaja jina ukiwa unabanduliwa, na sisi hapa tutamheshimu.

Mwaka wa sitini na nane marehemu mumewe alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko chini. Mwiba wa mkonge ulimchoma mguuni, kidonda kikawa donda ndugu. Mpaka habari zilipopanda mlimani na Tryphena akashuka na kikapu chake, mume alikuwa tayari hospitalini, na daktari wa upasuaji alikuwa amekwisha kuukata mguu chini ya goti.

"Simlaumu daktari yule. Alimwokoa," anasema. "Nilikaa kando ya kitanda na kikapu changu cha magome, najiona kama mtu aliyeleta mwavuli mvua imeshaisha. Nikasema, dawa hii ingekuwa kule kwenye duka la dawa, ndani ya chupa, ingemfikia kabla yangu."

Ndoto hiyo ilikaa naye miaka mingi bila mtu wa kumwambia. Halafu miaka miwili iliyopita, mwaka wa themanini na nne, akaja Daktari Obadiah Kituku, kijana wa Mahoo kule Taveta, ambaye sasa anafanya utafiti wa dawa za miti katika maabara moja Nairobi. Aliwauliza waganga wengi wa milimani wamwonyeshe miti yao. Tryphena alimkubalia, kwa sharti moja: kwanza ajibu kitendawili.

"Tega," Kituku akasema.

"Nimemvua mzee koti na hakuhisi baridi."

"Mti na gome lake," akajibu yule daktari, na wakawa marafiki. Mradi wa utafiti huo ukamwajiri kama mkusanyaji, kwa shilingi mia tatu kila mwezi. Kwake ni fedha nzuri, maana ndizi hazina msimamo.

Alibandua gome kwenye mti wake mwenyewe, ulio nyuma ya nyumba. Kipande cha upana wa kiganja, upande wa macheo tu, kisha akafunika jeraha la mti kwa udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe. Kituku alimwomba alianike mahali pakavu. Akaanika.

Sasa Ronge kuna ukungu. Nguo zilizofuliwa zinaweza kulala siku mbili kwenye kamba na bado ukizikamua zinatoa maji. Tryphena akafanya kama mamake alivyofanya: akaliweka gome kwenye uchaga juu ya mafiga, pale ambapo mahindi ya mbegu na dawa zote hukaa ili mdudu asiingie.

"Aliniambia mahali pakavu," anasema. "Kwangu hakuna mahali pakavu kuliko juu ya moto."

Gome likaenda Nairobi. Kule maabara hulisaga, hulitia kwenye maji, kisha hupitisha mwanga mwembamba kama uzi, wanaouita leza. Kompyuta, mashine kubwa kama kabati la nguo, husoma mwanga ule na kuchora mistari inayopanda na kushuka kwenye karatasi. Kila kilele ni kitu kimoja kilichomo ndani ya gome.

Kituku alirudi na karatasi hiyo mkononi. Tryphena aliitazama akasema, "Hii ni milima yetu. Huu mrefu ni Vuria."

"Ndiyo, mama. Lakini huu wa pembeni hatuujui. Umetuvuruga kazi ya miezi. Tulidhani tumepata kitu kipya, tukakifuata, kumbe hakikutoka kwenye mti." Kisha akaikunja karatasi. "Kitendawili."

"Tega."

"Huingia jikoni bila kuitwa, hulala kwenye nguo za kila mtu, na akitoka haagi."

Tryphena aliinua macho kwenye uchaga wake mweusi wa masizi. "Moshi," akasema. Hakucheka, na Kituku pia hakucheka.

Habari mbaya zaidi zilifuata. Wakubwa wa mradi walikuwa wamechoka. Miti mingine mingi ilikuwa ikingoja kupimwa. Wangepokea sampuli moja tu zaidi kutoka Ronge, kabla ya mvua za vuli. Ikiharibika nayo, mti wa Tryphena ungeondolewa kwenye utafiti.

Na mti wake ulikuwa bado na kovu bichi. Kituku alimsihi abandue upande wa pili.

"Nikamwuliza, mwanangu, mgonjwa wa upasuaji nyinyi humpasua tena kabla nyuzi hazijatolewa? Mti ule ni huohuo ninaotegemea kwa watu wa hapa. Nikiuua, nitampa nini mtoto atakayekuja kesho na kidonda?"

Mti mwingine mkubwa alioujua ni huu wa Silvanus, aliouacha babu yake. Ndiyo maana leo asubuhi Loise anapeleka maneno huku na huku kama posta.

"Mwambie apime upana wa kiganja," anasema Tryphena.

"Kiganja, baba Dominic."

Kisu kinasikika kikikwaruza. Tryphena anatega sikio, kisha anashtuka. "Kiganja cha nani?"

"Changu," anasema Silvanus moja kwa moja, halafu anakumbuka. "Mwambie mama, changu."

"Cha kwake ni kama sepetu ya reli! Mwambie apime na chako, Loise. Akizidisha, jeraha litauzunguka mti kama mkanda, na mti ukifungwa mkanda unakufa umesimama."

Loise anaingia uani na kuweka kiganja chake kwenye shina. Tryphena anasokota upindo wa leso yake. Hawezi kuona kama kisu kimezama sana, wala kama gome linatoka na ngozi ya ndani iliyo na dawa. Anachopata ni sauti tu.

"Limetoka rangi gani?" anauliza hatimaye.

"Jekundu kwa ndani," anasema Loise. "Kama ini."

"Linanata?"

Loise anamwangalia mumewe. Silvanus anagusa na kidole. "Linanata," anasema taratibu, na safari hii Tryphena hangoji kuletewa jibu.

"Haya. Samadi sasa. Asione kinyaa."

"Mwambie nimekulia zizini," anasema Silvanus.

Mahali pa kukausha palipatikana kwa ugomvi. Stoo ya kanisa ndiyo chumba pekee hapo karibu chenye bati, madirisha na ambamo hamjawahi kuwashwa moto. Mzee wa kanisa, Bwana Crispus, alisimama mlangoni.

"Mama Tryphena, mambo ya uganga ndani ya nyumba ya Bwana?"

"Mzee, kuku wa harambee mlifungia humu wiki nzima, na hakuna aliyewauliza dini yao."

Gome lilitandazwa juu ya shuka safi. Tryphena alikuwa akipita kila siku kulinusa, na kila aliyetaka kuingia stoo alinuswa pia, asije akawa ametoka jikoni. Kisha gari la mradi likaja likalichukua.

Tulipomtembelea mara ya pili, mvua za vuli zilikuwa zimeanza na jibu lilikuwa limefika. Kituku alilileta mwenyewe. Milima yote ilikuwa mahali pake na ule wa moshi haukuwepo. Maji ya gome yalitiwa kwenye kisahani chenye vijidudu vya vidonda, navyo vikaacha kuongezeka. Mti wa Ronge umebaki kwenye utafiti.

"Tusidanganyane," Kituku alisema akiwa ameketi jikoni kwa Tryphena. "Sasa ni kuijaribu kwa panya. Baada ya panya ni miaka. Chupa ya dukani bado iko mbali, na huenda tusiifikie."

"Niliambiwa," anasema Tryphena. "Mimi huenda nisiione. Loise anaweza kuiona. Ameshajua kiganja chake kinatosha."

Kovu la mti wa mamake limeshafunga, na Loise sasa hushika kisu mwenyewe pale, jambo ambalo zamani hakulitaka kabisa. Silvanus naye ametuma neno kutoka Voi kwamba likizo ya Desemba ataleta blanketi, na wazee wa pande zote wameshaambiwa.

Tryphena hajalala vizuri tangu alipoletewa neno hilo. Tulimwuliza siku hiyo, mambo yakishafunguliwa, atakula nini kwanza kwa mkwe wake.

"Chakula kitangoja," akasema. "Nitapita moja kwa moja mpaka kwenye ule mti. Nimeukata nikiwa nimeupa mgongo, kwa mkono wa mtu mwingine. Nataka nifike niushike, niangalie kidonda chake kimefunga namna gani, niuambie pole."